Baba na Simu Zake Zisizo na Waya

Zile simu nyeusi nzito za zamani zina harufu yake. Ukizisugua kwa kitambaa mpaka zipate joto, zinanuka kama kwato lililoungua. Baba alikuwa anamalizia kwa tone la mawese, basi nyumba yetu ya Kadutu jioni ilinuka kwato na mawese kiangazi kizima, mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mfagiaji posta. Wazungu walipoondoka mjini kwa sababu ya vita, vitu vya nyumba zao vilimwagwa nje, na simu zikatupwa pamoja na magodoro yaliyooza. Wenzake waliokota masufuria, yeye aliokota simu. Akikuta mwingine amemtangulia, alimfuata mpaka kwake wabadilishane: shati, jembe, na safari moja mbuzi wa mama.

Alizipanga kwenye ubao juu ya kitanda. Aliyoipenda zaidi haikuwa hata simu nzima. Kilikuwa kile kipande cha kusikilizia na kusemea, peke yake, rangi ya maziwa, alichopewa na fundi Mzungu wa simu siku anaondoka. Fundi alimwambia kiwandani walitengeneza vichache vya kujaribia tu, havikuuzwa popote. Baba alikifunga kwenye kitambaa chake cha kwendea kanisani.

Kuna jambo tulilijua sisi wa nyumbani tu. Jioni baba alifunga mlango, akavaa koti, akainua kile kipande na kusema kwa sauti nzito: "Alo? Ndiyo, ni Direktere mwenyewe." Kisha alitoa amri kama mkurugenzi wa posta nzima. Alituma malori Bunyakiri, aliwanyima watu likizo, alimpandisha cheo mfagiaji mmoja mwenye bidii. Mama alisonga bugali kama hasikii. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza.

Wakati ule kila mtu mjini alimwogopa mwenzake. Mtu alipeleka maneno kwamba mtaani kwetu kuna anayeongea na adui. Asubuhi moja walikuja askari wawili na mkubwa wa mtaa, wakazitoa simu zote, wakazitandaza uwanjani. Majirani wakajaa.

"Muzee, hizi ziko za nini?" askari mmoja akauliza.

"Ziko za kuweka tu, chef," baba alimjibu kama anavyojibiwa mkubwa.

"Za kuweka? Simu iko mahindi, unaweka ukingojea njaa?"

Watu walicheka kidogo. Kisha akafungua kile kitambaa. "Na hii haina hata waya. Unaongeaka na adui kwa upepo?" Akamwamuru baba akivunje kwa jiwe, pale pale. Baba alikinyakua, akakikumbatia kifuani, akatikisa kichwa. Hapo kicheko kilikwisha. Wakakitupa chini, wakamfunga mikono kwa kamba. Miezi ile, mtu akipandishwa lori na kamba mikononi, kwao walianza matanga bila kungoja mwili.

Mama alinisukuma mbele. "Muulize mutoto, chef. Mutoto hadanganyaka."

Askari akainama. "Ee mutoto, papa yako anaongeaka na nani?"

Nilitazama ile kamba, nikasema yote. "Haongeake na mutu. Anajifanyaka Direktere."

"Direktere wa nini?"

"Wa posta. Anavaaka koti. Jana alipandisha mufagiaji cheo."

"Mufagiaji gani?"

"Yeye mwenyewe."

Uwanja ukalipuka. Askari alicheka mpaka akashika ukuta. Mkubwa wa mtaa akampigia baba saluti: "Direktere, na mimi utanipandisha cheo lini?" Wakamfungua kamba, wakaenda zao wakifuta machozi. Baba aliziokota simu zake moja moja pamoja na kile kipande, akazirudisha ndani, watoto wenzangu wakimfuata nyuma: "Alo, Direktere! Alo!"

Jina hilo halikumtoka mpaka tunamzika. Alizeeka, akafa kitandani kwake, na najua vizuri kwamba asingezeeka kama ningenyamaza. Kujua hivyo hakunisaidii. Hakunilaumu hata kwa jicho. Ila jioni hakufunga mlango tena. Alikaa nje kwenye kibao, mikono mitupu, mpaka giza likaingia.

Siku hizi wajukuu wangu wanasimama kando ya gari la mtu, simu sikioni, wanajifanya wakubwa wenye kazi nyingi. Wanapigana picha na kuionyesha dunia nzima. Nawagombeza, wananiambia, "Koko, ni mchezo tu." Ni kweli. Wao wanajianika wenyewe, na wakichekwa wanacheka pamoja na watu. Baba hakujianika, alianikwa. Siku ile uwanja mzima ulicheka, mama alicheka, na mimi nilipoona tumepona nilicheka kuliko wote. Yeye alisimama katikati yetu akijisugua mikono pale kamba ilipokuwa, akitazama chini.