Sauti ya Mama Kwenye Amplifaya

Sina sababu ya kukudanganya. Ningekuwa natunga, ningejipa ushujaa kidogo. Mimi ni fundi wa amplifaya hapa mjini, na kila ninayoitengeneza huipima kwa wimbo mmoja: kwaya ya kanisa letu la Dagoretti, mama yangu akiongoza. Mama alishafariki. Sauti yake pekee niliyobaki nayo ni hiyo iliyo kwenye simu yangu.

Sasa, amplifaya duni husawazisha kila kitu. Ngoma ikipigwa, mashine inaishiwa nguvu, basi kishindo na mnong'ono hutoka sawasawa. Ile ya mteja wangu mmoja, mzee wa mtaa wa kitajiri wa Loresho, niliiwekea transfoma nzito na kapasita kubwa ili umeme usiipungukie, nikampelekea Jumamosi mchana, jua likiwaka. Mzee, mtu wa suti na maneno machache, aliniacha sebuleni akaenda kuleta chai.

Nikauweka wimbo. Niamini, sijawahi kusikia vile. Ngoma ilinigonga kifua, kisha kwaya ikashuka, ikashuka, mpaka pale mama anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Kwenye mashine nyingine hapo husikia mvumo tu. Hapa palikuwa na kitu. Ujuaji wangu ukanituma niongeze sauti.

"Papa, usiinywe hiyo chai."

Ilitoka kwenye spika, na mama tu ndiye aliyeniita Papa. Nilipogeuka, mzee alikuwa nyuma yangu na kikombe kimoja, wala sikuwa nimesikia hatua zake.

"Mama yako amesema nini, fundi?"

Niambie wewe, nani alimwambia kwamba yule ni mama yangu? Nilichomoa simu nikatoka mbio hadi barabara kuu ya Waiyaki Way, nikaacha vifaa, amplifaya na kiatu kimoja. Cheka tu, hukuwepo.

Jioni niliucheza tena ule wimbo. Ngoma ipo, kwaya ipo, lakini mama hayumo. Wanamwitikia mtu asiyekuwepo. Nimejaribu kila amplifaya dukani. Mama alitumia sauti yake yote kuniokoa, nami hilo linaniuma kuliko hofu yenyewe.

Na hofu ninayo. Nimebadilisha laini ya simu mara mbili, lakini kila Jumamosi ujumbe unaingia: "Fundi, chai inapoa."

Kwa hivyo, kama una sauti ya marehemu wako, usiitembeze kwenye nyumba za watu. Na mwenyeji akikuletea kikombe kimoja, kikatae mapema. Mimi aliyenikataza hayupo tena, na kesho ni Jumamosi.