Ombi Lako Limepokelewa

Siku niliyoripoti katika ofisi ya vibali vya mafuta na gesi, Mkuu wa Masjala aliniuliza nilisomea nini chuo kikuu.

"Isimu, mzee."

"Hesabu?"

"Isimu. Sayansi ya lugha."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa kitanda alipoagiza meza. "Haidhuru," akasema. "Na mafaili nayo yana lugha yake. Kaa pale."

Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ninyi mnaoomba vibali kwa simu huku mmejilaza kwenye kochi mnastahili kujua hali ilivyokuwa. Mtu aliyetaka kujenga kituo cha mafuta alileta michoro, hati ya kiwanja na ripoti ya mazingira, vyote vikatiwa ndani ya jalada. Jalada lilitembea meza hadi meza, na kila ofisa aliandika humo dokezo, yaani maelezo mafupi ya kumshauri mkubwa wake. Mara nyingi ushauri ulikuwa kwamba mkubwa amuulize mtu mwingine. Mwombaji alilifuata jalada lake nyuma nyuma kama anayetafuta mbuzi aliyepotea, na kila mlango alijibiwa, "Liko kwa mkubwa." Ni mkubwa yupi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mie nikawa fundi wa madokezo. Niliweza kujaza ukurasa mzima bila kusema ndiyo wala hapana, tena kwa Kiswahili fasaha. Mkuu wa Masjala alinisifu mbele za watu: "Dokezo la huyu kijana hata likifika mahakamani, halina pa kushikwa." Nilichukulia kwamba hiyo ni sifa.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha ukaguzi, niwe mwandishi wa ripoti za Mhandisi Mkuu. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole iliyowafanya wakandarasi wakubwa wavue kofia. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima presha. Tangi la mafuta linateremshwa shimoni, mabomba yanaungwa, na kabla ya kufukiwa linajazwa hewa. Geji inatazamwa kama mshale unashuka, na kila kiungo kinapakwa povu la sabuni. Povu likivimba, pana uvujaji. Ni lazima mkaguzi aone kwa macho yake, kwa sababu tangi likishafukiwa haliulizwi tena.

"Mafuta yakimwagika juu utayasikia harufu, utapiga kelele, watu watakuja," aliniambia siku moja. "Yakivuja chini yanakwenda kimyakimya mpaka kwenye kisima cha jirani. Ukija kujua, watoto wameshayanywa."

Kisha ukaja mfumo. Mkurugenzi alitukusanya ukumbini akatutangazia kwamba majalada yamefika mwisho, na kwamba kila ombi sasa litaletwa kwa mtandao. Kwa kuwa nilisomea lugha, niliwekwa kwenye kikundi cha kupitia meseji ambazo mfumo ungewatumia waombaji. Vijana wa kompyuta walikuwa wameandika, "Ombi lako imepokelewa."

Nilisimama. Nilitoa somo fupi kuhusu ngeli, somo ambalo hakuna aliyeliomba. Ombi, maombi, kwa hiyo ombi limepokelewa. Vijana wakasahihisha. Mkurugenzi akasema, "Ndiyo maana tunaajiri wasomi." Jioni ile nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyegundua gesi mwenyewe.

Niuseme ukweli wa mfumo ule: ulitusaidia. Mwombaji aliweza kuona ombi lake liko meza ya nani na limekaa hapo tangu lini. "Liko kwa mkubwa" ilikufa kifo cha ghafla. Wiki ya mwanzo tu, mfanyabiashara mmoja wa Buguruni alinipigia simu. "Braza, naona ombi langu liko kwako tangu juzi. Umelilalia?" Nililimaliza kabla ya chai.

Ndipo likaja ombi la Mzee Seif. Ukoo wake ni wa wenye maduka wa zamani pale Temeke. Baba yake aliuza mafuta ya taa kwa debe kwenye kiwanja hichohicho, naye alitaka kuweka kituo cha mafuta kabla hajafumba macho. Ukuta mmoja tu ulikitenga kiwanja na madrasa yenye kisima. Mjukuu wake alimjazia ombi kwa simu, na sisi tukaenda kukagua eneo. Tulitarajia kukuta kiwanja kitupu.

Tulikuta paa limesimama, sakafu imemwagwa zege kipande kikubwa, na Mzee Seif mlangoni na birika la kahawa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni! Dua mmeikosa, lakini biriani yenu tumeiweka."

"Dua ya nini, mzee wangu?" Mhandisi Mkuu akauliza.

"Ya shukrani. Ombi langu limepokelewa!" Akamwonyesha simu. Ngeli ilikuwa sahihi kabisa.

"Mzee, maana yake limetufikia tu. Hatujalipitia bado."

Mzee Seif akanigeukia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha kichwa. "Mwanangu, wewe unamwomba Mola wako. Ukiambiwa ombi lako limepokelewa, unaelewaje? Kwamba limefika mapokezi, limekaa kwenye benchi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele kutoka juu ya paa, "Hapo kawaweza mzee!"

Mhandisi Mkuu hakucheka. "Tangi liko wapi?"

"Umelikanyaga, mama."

Akashusha macho kwenye zege chini ya viatu vyake, kisha akautazama ukuta wa madrasa. Sauti yake ikazidi kuwa ya upole. Alimweleza kwamba kujenga bila kibali ni kosa, kwamba ombi linaweza kukataliwa moja kwa moja na kituo kikaondolewa. Mzee Seif akaweka birika chini.

"Nina umri gani wa kuanza upya? Mie sikuiba. Nimeambiwa na ninyi wenyewe."

Ndani ya gari Mhandisi Mkuu aliniambia, "Ripoti utaandika wewe. Lakini usiniletee kile Kiswahili chako cha kukwepa."

Nikaandika kwa mara ya kwanza dokezo lenye pa kushikwa. Nilisema meseji yetu ina maana mbili, na mzee aliifahamu kama ambavyo watu wa kwao huifahamu. Asikataliwe kwa sababu hiyo. Nilisema pia kwamba kukosea kwa neno hakuzibi kiungo cha bomba: zege livunjwe, tangi lifukuliwe, lipimwe presha mbele yetu.

Mkurugenzi aliniita. "Unataka kusema mfumo una kosa?"

"Hapana, mkurugenzi. Mfumo una Kiswahili."

"Ulichokisahihisha wewe."

"Mie nilisahihisha ngeli tu."

Akatikisa kichwa, akasaini.

Mzee Seif alifukua kwa kinyongo. Siku ya kupima aligoma kuitikia salamu yangu. Tangi likajazwa hewa, tukasubiri kando ya shimo, na upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wakisoma kwa sauti. Mshale wa geji ukaanza kushuka polepole. Fundi akapaka povu kiungo kimoja, kingine, kingine. Kwenye kiungo kilichoelekea madrasa, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Mzee Seif alichuchumaa ukingoni akalitazama povu lile kwa muda mrefu, kisha akautazama ukuta, sauti za watoto zikiendelea. Akaninong'oneza, "Mwanangu, ile dua, sasa ndiyo imepokelewa."

Kiungo kilibadilishwa, kibali kikatoka baadaye, na mzee alikiona kituo chake kikifanya kazi. Meseji nayo tuliibadilisha: "Ombi lako limetufikia. Bado hatujatoa kibali. Usianze ujenzi." Mkurugenzi aliona si lugha ya kiofisi. Katika yote niliyoandika kazini, hayo ndiyo maneno ninayojivunia.

Sasa nimestaafu kwa hiari, cheo cha watu waliochoka kabla ya wakati. Nipo nyumbani Ubungo, najifanya mwandishi. Juzijuzi nilisikia bomba la gesi asilia limefika mitaa ya jirani, nikaomba kwa simu tuunganishiwe jikoni. Hii ni ofisi nyingine, watu wengine. Meseji ikaingia, nikaisoma kwa sauti: "Ombi lako limepokelewa."

"Alhamdulillah!" mke wangu akaitikia kutoka jikoni.

Niliendelea kuitazama ile ngeli, nikiikumbuka Temeke. Nilipozinduka, alikuwa getini akimkabidhi jirani mtungi wetu wa gesi.

"Mama Rehema, subiri! Bado!" nikampigia kelele mke wangu.

"Bado nini? Wewe si ndiye uliyesomea lugha? Umesema limepokelewa."

Tunapikia mkaa. Mfumo wao unaonyesha ombi langu liko meza ya nani, na leo asubuhi uvumilivu umenishinda, nikampigia ofisa mwenyewe. Kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee. Usiwe na wasiwasi, ombi lako tumelipokea."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Kwa maana ipi?"