Muhogo wa Akiba

Juu ya ghorofa letu la Kariakoo, katikati ya matangi ya maji na nguo za wapangaji, mama yangu alikuwa na shamba lake la jua. Alipanga nyungo, na ndani yake muhogo uliomenywa, nyanya zilizopasuliwa, majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo. Vipaza sauti vya sokoni vilitufikia kule juu vikiwa vimelainika, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nilikuwa nakaa pale nasinzia, harufu ya nyanya imejaa puani, nisijue kama ni saa nne au saa nane.

Mama alizaliwa Kusini. Utotoni aliuona mwaka wa njaa, kwao wakala mizizi ya porini iliyolowekwa siku nyingi ili sumu itoke. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya masika alijaza ndoo tatu za muhogo mkavu, akazifunika, akazisukuma uvunguni mwa kitanda chake. Nilimtania: "Mama, soko la nchi nzima liko chini ya miguu yetu. Njaa itapitia wapi?"

"Akiba haiozi, mwanangu."

Ndoo zisipojaa, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Muhogo wa kuweka haukaguliwi kwa macho. Unachukua kipande kinene, unakivunja karibu na sikio. Kikilia ka!, kimekauka hadi kiini. Kikikatika kimya, kinarudi juani. Bibi ndiye aliyemfundisha hivyo. Lakini masikio ya mama yalikuwa yameanza kumwacha, kwa hiyo yeye alivunja, mimi nikasikiliza.

Mwaka ule jirani alikuwa amepandisha ghorofa refu kuliko letu, na kila baada ya adhuhuri kivuli chake kilitufunika. Tukawa tunahamisha nyungo kona hadi kona, tunalifuata jua. Jumamosi moja wingu zito lilikuwa limetanda upande wa Msimbazi, nami nimeshasuka, nimeshavaa, nasubiriwa kwenye sherehe ya sendofu, ya kumuaga bi harusi, kule Upanga. Mama akavunja kipande karibu na sikio langu. Kilikatika kimya.

"Kimelia?"

"Kimelia, mama," nikasema, huku nikiitikia kwa kichwa.

Hata haya sikuona. Tulijaza ndoo, tukafunika, nikapanda bajaji.

Masika yalipokolea na mitaa kujaa maji, mama alifungua ndoo ya kwanza tupate unga wa ugali. Ukungu wa kijani ulikuwa umetapakaa humo ndani. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Akiba ilikuwa imeoza. Mama hakunilaumu hata kidogo. Alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Mikono yangu imekufa," alisema. "Kazi ninayoijua tangu utoto imenitoka. Mwakani usininunulie muhogo."

Wiki zikapita bila yeye kupanda juu. Alishinda dirishani, mtu aliyekuwa hakai, nikamwona anazeeka mbele yangu kwa sababu ya neno langu moja. Iliniuma sana. Nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa muuza mkaa asiye na kosa.

Siku mvua ilipoanuka, nilimshika mkono tukapanda. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida.

"Unasemaje?"

Nikarudia.

"Ehe?"

Aibu kama ile mtu huisema kwa kunong'ona, lakini kwa mama yangu kunong'ona kulikuwa kumekwisha faida. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele: "Mama! Muhogo haukulia! Nilikudanganya niwahi sherehe!"

Wapangaji waliokuwa wakianika nguo waligeuka wote. Chini mtaani mtu alisimama akatazama juu.

Mama alinikazia macho. Nilingoja kofi, au angalau matusi, nilistahili yote mawili. Akainua mikono yake usawa wa uso, akaifumba, akaifumbua, machozi yakimtiririka.

"Kumbe ni mizima," alisema.