Mikono Sitini na Mitatu

Meneja wa ukumbi wa sinema kule Kiyovu, hapa Kigali, alinipa sharti moja. Filamu yangu ataionyesha Ijumaa, saa kumi jioni. Watu wakijaa, ataiweka wiki nzima, wasipojaa ataiondoa. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewafuata na kamera wanawake wanaopanda basi alfajiri kutoka Kabuga kwenda kupika na kufua kwenye majumba ya Nyarutarama, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nani atakuja kuwatazama.

Sasa nilijiuliza mchana kutwa. Nilibandika mabango mpaka vidole vikanuka gundi. Kila asubuhi niliweka kipande cha filamu mtandaoni, kisha nikashinda nachungulia simu kuona wangapi wamekitazama. Wengi walikuwa binamu zangu wa Mwanza, nilikokulia. Walinitumia mioyo na makofi, lakini hakuna ambaye angepanda basi kuja Kigali.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikuwa na umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Kabuga, ninakoishi, tulizibua mitaro, kisha tukakaa kwenye nyasi kwa kikao kama kawaida. Niliomba dakika mbili. Nikasimama na jembe mkononi, nikaieleza filamu. Mkuu wa mtaa akauliza nani watakwenda. Mikono ikapanda. Nilihesabu sitini na mitatu, nusura nilie.

Aliyekulia hapa angejua kwamba saa ile, jua likiwa utosini, mtu huinua mkono ili kikao kiishe akale. Mimi nilipiga picha. Nikamtumia meneja na kumwandikia kwamba dalili ya mvua ni mawingu, naye akanihamisha kutoka chumba kidogo hadi ukumbi mkubwa.

Kwenye picha ile kuna mwanamke mmoja aliyefumbata mikono. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameniuliza jambo: filamu inaisha saa ngapi, kwa sababu siku ya Ijumaa yuko kazini. Nilimjibu kwa mkato. Niliogopa wengine wangeanza kufikiria kazi zao na mikono ingeshuka.

Ijumaa nilifika saa saba. Saa kumi kamili walikuwa wameingia watu tisa, wawili kati yao wakiwa wapiga picha wenzangu. Nilitoka kila niliposikia gari, nikarudi, nikatoka tena. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, akinionyesha ile picha.

"Hawa wanakuja na gari gani?" aliuliza kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza.

Nilimwomba robo saa, akanipa. Robo saa ilipokwisha akaingia mtu mmoja tu, yule mwanamke aliyefumbata mikono, amevaa gauni la kanisani. Alininong'oneza kwamba amemwambia tajiri wake kuna msiba.

Nilikaa safu ya nyuma, nikawa naangalia viti badala ya filamu. Ikafika ile sehemu ambapo mfuaji mmoja anaanika shuka, mgongo kwenye kamera, akizungumza kama mtu aliye peke yake: "Wiki yote mimi iko mtu ya wengine. Jumapili, tukitoka kanisani, hapo ndiyo iko yangu mwenyewe." Mgeni wangu akacheka kwa sauti. Mimi nikaacha kuangalia viti. Sentensi ile niliipenda kuliko zote. Nilipunguza kelele ya upepo nyuma yake, nikaipangia mahali pake, nikaiweka hata kwenye tangazo.

Taa zilipowaka, meneja alikuwa ameshaanza kubandua bango langu. Nikamkimbilia kumwomba Jumapili. Alisema Jumapili zimeshachukuliwa mpaka mwezi ujao ukiisha, na kwamba picha za mikono nisimtumie tena. Nilikuwa bado nimesimama pale nilipoguswa bega. Alikuwa yule mwanamke.

"Dada, hiyo maneno ya Jumapili, wewe ulisikia wakati ya kutengeneza?"

Nilimwambia nimeisikia labda mara mia mbili.

"Na ukatuita Ijumaa," alisema, akajitanda kitenge chake, akaenda kuwahi basi.