Nimeifuata "Hapana" hadi Tabora

Nilipanda treni Mpanda nikiwa na hasira, nawaambia mapema msije mkadhani nilikwenda kutembea. Malori yalikuwa yamefika kwenye mashine yangu ya kukoboa, Majengo, yakidai mchele ambao bado ulikuwa mpunga mbichi juu ya maturubai. Mnunuzi, mgeni asiyejua Kiswahili, alikuwa ameniuliza kwenye simu kama Jumatatu apakie. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha darasa la saba: tutaangalia. Mtu gani hajui maana yake? Malori yakarudi matupu, mgeni akawaka, akasema atapiga tena Jumamosi, mara ya mwisho. Mashine mbili nimezisimamisha kwa mikono hii, bila baba tajiri wala cheti. Zilale njaa kwa ajili ya lugha ya mtu? Thubutu!

Njiani kwenda Kaliua sikutaka maneno. Mama mmoja wa Litapunga, mwenye madumu ya asali, akanikaribisha muhogo.

"Baba, umefiwa?"

"Nakwenda kusoma Kiingereza."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Na mvi hizo?"

"Mvi hizi zina mashine mbili, mama."

Tabora, siku ya kwanza ya mafunzo ya Kiingereza cha kazini, wakatufundisha kumwomba bosi ruhusa. Mimi! Nimwombe nani, na bosi ni mimi? Nikamwambia hivyo mwalimu, Madamu Stella, mwanamke mfupi asiyetishika.

"Haya, mzee bosi, simama. Mimi ndiye mnunuzi. Kesho napakia, sawa?"

Nikasema tutaangalia.

"Basi naleta malori."

"Usilete! Si nimeshakukatalia?"

"Umenikatalia saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Nikagonga meza. Nikawaambia kwetu mgeni hakataliwi usoni. Anaambiwa tutaangalia, anaelewa, anaaga kwa heshima zake. Nyie mmelelewa wapi?

"Huyo wako haelewi," akasema Madamu. "Anasubiri umwambie hapana. Sema hapana, sema sababu, sema siku ya kuja."

Tukairudia mpaka koo likakauka. Kila nilipoitamka nilijiona namfukuza mtu mlangoni kwangu.

Jumamosi, ndiyo kwanza nashuka stesheni Mpanda, simu ikaita. Mgeni anataka kupakia kesho. Nikavuta pumzi, nikasema kwa Kiingereza: hapana, mpunga bado mbichi, ukikobolewa sasa utatoka chenga tupu, njoo Alhamisi.

Nikajua nimemtukana, biashara imekwisha.

"Vizuri," akasema. "Asante. Alhamisi."

Vizuri! Asante! Nilitaka kuitupa simu relini. Malori yametembea bure, nimelala kwenye benchi la treni, nimechekwa na watu wazima, kumbe mtu mwenyewe alikuwa anataka kukataliwa tu!

Nyumbani Ilembo nikamkuta shemeji mezani, anaomba pikapu ya kubebea vyombo vya harusi. Hasira bado zinachemka, nikamjibu kama nilivyofundishwa.

"Hapana. Ina kazi. Njoo wiki ijayo."

Tonge la shemeji likaishia hewani. Mke wangu akaniangalia kama mtu aliyeota pembe.

"Baba Neema, huko Tabora umekwenda kusomea kufukuza ndugu?"

Basi nikajua dawa ya yule mgeni ni sumu ndani ya nyumba yangu. Nikanawa, nikakaa.

"Shemeji," nikasema, "tutaangalia."

Akatabasamu, akamaliza ugali wake, akaaga vizuri, akaenda kutafuta gari kwa mtu mwingine.