Kipimo cha Presha ya Mama

Kila nikikamua ndimu juu ya samaki, namkumbuka baba. Harufu ile kwangu ni ya shaba. Kila Jumamosi alikaa kibarazani kwetu Nateete akisugua vipimo vyake vya shaba kwa ndimu na majivu, mpaka vidole vikabadilika rangi.

Baba alikuwa Mkenya muuza vipuri vya magari, na alikusanya vipimo vya kale vya presha ya matairi, vingine kaviokota kwenye vyuma chakavu huko Kawempe. Vilikuwa vyembamba kama kalamu. Ukikandamiza kimoja kwenye mdomo wa tairi, kijiti chenye namba kilichomoza upande wa pili. Majirani walimwona kapungukiwa kidogo. Mimi alinifundisha kuvikisia umri: matairi ya zamani yalikuwa membamba, yakijazwa upepo mpaka yakawa magumu, kwa hiyo namba za vipimo vya wakati huo zilifika mbali. Yalipokuja matairi manene, namba zikashuka.

"Namba kubwa, mzee mkubwa," alisema.

"Na kijiti kisipotoka?"

"Hilo tairi limekufa."

Nilikuwa bado na meno ya utoto mama alipoanguka kando ya sigiri ya mkaa. Jirani yetu Nnaalongo, mama wa mapacha na muuguzi, alimpeleka kliniki, akamrudisha na kumlaza kitandani.

"Plesha imepanda, bambi, maskini," alimwambia baba. "Mumupime kila siku. Ikizidi, mushipa inapasuka."

Kupasuka nilikujua. Tairi la lori lilishapasuka karibu na soko, watu wazima wakalala chini wakidhani ni bunduki. Jioni ile mama akaomba chumvi ya kuongeza kwenye mchuzi. Baba akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Wakacheka kidogo, wao wawili. Mimi nilisikia neno moja tu, kufa, nikaisukuma sahani yangu kando.

Kesho yake mchana mama alilala. Nilichukua kipimo kirefu kabatini, roho mkononi. Lakini mdomo wa mama, ule wa kujazia upepo, ulikuwa wapi? Niliwaza sana, nikaona hauwezi kuwa mwingine ila kitovu. Nikafunua blauzi polepole, nikakandamiza. Kijiti hakikutoka. Nikakandamiza tena kwa mikono miwili. Hakikutoka. Jamani, nilipiga yowe.

Duka la baba lilikuwa ng'ambo ya barabara. Baba alifika na kiatu kimoja mguuni.

"Mama amekufa! Kijiti hakitoki!"

Mama, aliyekuwa ameshaketi, alicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akihema, jasho likimtiririka, akakitazama kipimo mkononi mwangu.

"Umechukua kile cha mzee," akasema. "Mama yako bado gari jipya."

Akaleta kingine, kifupi. Akakiweka kitovuni, akakifunika kwa kiganja, na kijiti kikachomoza.

"Soma."

"Thelathini."

"Basi. Hiyo ndiyo ya mtu mzima wa afya."

Tangu hapo tulipima kila jioni, na sikugusa chakula kabla ya kusoma. Siku nyingine baba na mama walirudi kutoka kliniki, baba akaanza kusugua shaba, na wala haikuwa Jumamosi. Lakini kijiti kilisema thelathini, nami nikala.

Mwaka juzi baba alifariki, vipimo vikaja kwangu. Nilipokuwa nikivipanga kwa umri, nilikijaribu kile kifupi kwenye tairi la gari langu. Hakikutoka kitu. Nilipokifungua nikakuta springi imeliwa na kutu, kutu ya kale kunizidi mimi. Kwenye kijiti, karibu na thelathini, shaba ilikuwa imelika mahali padogo, upana wa kucha ya mtu.

Miaka yote ile nilidhani mwoga wa nyumba yetu ni mimi peke yangu.

Nilimpelekea mama, ambaye mpaka leo anameza vidonge vyake na kuiba chumvi. Alikigeuzageuza mkononi.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Kucha ya baba yako ilinikwaruza tumbo akikivuta kijiti."

"Sasa mbona ulikubali kupimwa kila siku?"

Alikifuta kwa ncha ya kitenge chake kabla ya kunijibu.

"Mwanangu, mpaka usome wewe, mimi na baba yako tulikuwa hatupumui."