Mipira ya Baba

Moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi tulipokuwa tukipanda kuelekea Rugerero, mama yangu kando yangu ndani ya mushanana wake mpya, vazi la sherehe la kitambaa chepesi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na yeye aliomba kitu kimoja tu: afike harusini ndani ya gari la marehemu baba, gari linalokaribia umri wangu.

Mimi, mwenye shahada mbili, niliutazama ule moshi kana kwamba ungejieleza.

"Simamisha," mama alisema. "Utoe waya ya betri."

Niliutoa, nikajiangushia spana mguuni. Moshi ulipokatika ndipo nilipoona: tone la plastiki iliyoyeyuka lilikuwa limetoboa mushanana, juu kidogo ya goti lake. Nilikaa chini pale pale kwenye mawe.

Fundi wa umeme, mtu aliyekulia Goma na kumtengenezea baba gari hilo miaka mingi, alikuja kwa moto, pikipiki ya abiria. Alivuta waya mmoja uliobaki uchi pale unapopenya tundu la bati, kati ya injini na sisi.

"Hapa kulikuwa mipira ya muzee. Nani alitosha?"

Alitaka kujua aliyeitoa. Nikaanza kueleza kwamba gari za zamani zina mambo mengi.

"Ni yeye," mama akasema. "Alikuwa anasafisha."

Kweli. Wiki mbili nyuma nilikuta nyaya zimeviringishiwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vile vya kufungia magunia. Niliona ni aibu. Nikavikata vyote, nikafunga nyaya kwa utepe mweupe uliobaki kwenye mapambo ya harusi. Nilipiga hata picha.

Fundi aliutoa utepe kwa vidole viwili. "Professeur, mawe inatingisha voiture, gari yote inacheza, chuma inakata waya. Kidogo kidogo, kila siku. Muzee alijua."

Akauliza kama kuna mpira wowote. Mama alionyesha buti. Gunia la viazi vya Mudende, zawadi yake kwa maharusi, lilikuwa limefungwa mdomo kwa vipande vile vile. Alikuwa ameviokota kwenye taka zangu.

Kazi ilipokwisha nilimsihi mama apande teksi. Aliingia kwenye kiti chake kile kile, akafunika tundu la mushanana kwa kiganja.

"Endesha polepole."

Gunia halikuwa na cha kulifunga tena. Viazi vilibingirika njia nzima, na kila kimoja kilipogonga bati, nilishtuka upya.